Misumari ya Kituo cha Kumi na Saba

Kericho,
9 Machi 1998

Mpendwa Kipkemoi,

Nakusalimu wewe, Winny na watoto. Kabla ya yote niambie hali ya Mama. Nilipoondoka alisema goti linamuuma upande wa ndani, nami sijui kama aliipaka ile dawa au aliiweka juu ya kabati pamoja na nyingine. Mimi ni mzima, ila macho yamechoka. Mvua hii ya El Nino haitaki kwisha. Darasa letu linavuja karibu na ubao, kwa hiyo nafundisha nikiwa nimesimama upande mmoja.

Nina ombi. Unajua kwamba hapa chuoni nafundisha uhasibu mwaka wa pili. Somo linalonishinda ni udhibiti wa ndani, yaani utaratibu ambao biashara hujiwekea ili mtu mmoja asiweze kukosea au kuiba bila mwingine kuona. Wanafunzi wanalikariri vizuri sana. Lakini mtihani huwataka wachore njia ya kazi, tangu inapoanza hadi inapoishia: mstatili kwa kila kazi, mshale kwa kila karatasi inayosafiri, na pembetatu iliyopinduliwa mahali karatasi inapowekwa ikae. Kisha wautazame mchoro waseme udhaifu uko wapi. Hapo wote huanguka. Huchora mfano wa kitabuni, kampuni inayouza baiskeli Ulaya, kwa sababu hawajawahi kufuata karatasi hata moja kwa miguu yao.

Nataka kuwaleta kituoni kwako. Ni wanafunzi kumi na wanne. Wachore safari ya kilo moja ya majani mabichi ya chai tangu kikapuni mpaka inapolipwa. Meneja wa kiwanda ameniruhusu, kwa sharti kwamba mchoro ulio bora nimpelekee, autie ukutani mwa ofisi yake. Nimemwahidi hivyo kwa maandishi.

Usipange chochote. Usifagie. Fanyeni kazi kama mnavyoifanya siku zote.

Mwezi wa Desemba nitastaafu. Ningependa kundi hili la mwisho lijue kuchora kilichopo.

Nduguyo mkubwa,
Gibson

*

Kituo cha Majani Na. 17, Bomet,
16 Machi 1998

Kwa ndugu yangu mkubwa, Mwalimu,

Chamgei! Sisi tupo, tumelowa tu. Mama hajambo. Dawa yako aliipaka siku mbili, halafu akampaka ndama aliyeumia mguu, na sasa anasema ndama amepona, kwa hiyo dawa ni nzuri. Winny anakusalimu na anauliza kama huko Kericho siku hizi mnakula, maana shati ulilovaa Krismasi lilikuwa limekuwa pana.

Walete wanafunzi. Waambie waje na viatu vya matope, kwa sababu lori lenyewe husukumwa na wakulima pale kwenye daraja. Utaratibu wetu ni huu. Akina mama hufika na vikapu, natundika gunia kwenye ndoano ya mizani, nasoma, natoa kilo ya gunia, naandika. Naandika mara moja na karatasi tatu zinapata maandishi: nyeupe ya mkulima, ya waridi ya kiwanda, na ya manjano hubaki katika kitabu. Lori likija tunapakia. Likichelewa tunangoja. Wiki iliyopita lilichelewa kwa saa sita, tukaimba mpaka nyimbo za kanisani zikatuishia.

Umesema nisifagie. Winny amecheka sana. Anasema hilo ni agizo lako la kwanza ambalo nitalitimiza.

Mimi mdogo wako,
Kipkemoi

*

Kericho,
6 Aprili 1998

Mpendwa Kipkemoi,

Natumaini mmeamka vyema nyumbani, na kwamba lile daraja bado lipo. Kwa niaba ya wanafunzi nawashukuru kwa uji, mahindi ya kuchemsha na mursik. Robert, yule mrefu mwenye tai, alikuwa hajawahi kunywa maziwa ya kibuyu yenye mkaa. Alimaliza kwa adabu, kisha njia nzima akanyamaza.

Nimeisahihisha michoro. Imenichukua siku tatu na inanilazimu kukuandikia.

Kumi na tatu walichora vizuri. Mishale imenyooka. Karatasi nyeupe inatoka kwako, inakwenda nyumbani kwa mkulima, na huko wameweka pembetatu: karatasi inakaa hapo. Robert alichora hata kinyumba. Huo ndio udhibiti wenyewe: mkulima akiwa na karatasi yake, hakuna karani anayeweza kubadilisha kilo bila kugunduliwa.

Mmoja alichora vingine. Ni Maxine Ajwang, binti wa fundi wa mitambo katika mashamba makubwa ya hapa Kericho. Mshale wake wa karatasi nyeupe unatoka kwako, unamfikia mkulima, halafu unageuka na kurudi kwako. Pembetatu ameiweka ukutani mwa kituo. Chini yake ameandika: "Misumari 112."

Nilimpa alama thelathini. Nilidhani hakuelewa. Akaja ofisini na karatasi mkononi.

"Mwalimu, ulituambia tuchore kilichopo."

"Kilichopo ni kwamba karatasi ni ya mkulima."

"Ni ya mkulima, Mwalimu, ila haendi nayo. Nilimfuata Mama Joan mpaka kwenye mfereji. Mikono yake ilikuwa na kikapu kitupu na mwavuli, basi. Nikarudi, nikaikuta karatasi yake kwenye msumari namba moja."

Nilikuwa pale, Kipkemoi. Niliketi nikinywa uji wako na kuupa ukuta ule mgongo.

Je, ni kweli? Ni karatasi zote? Nakuuliza, sikutuhumu. Lakini utazame mchoro kama mgeni. Mkono mmoja unapima, mkono huohuo unaandika, na mkono huohuo unashika nakala zote tatu mpaka lori lije. Katika mchoro hakuna umbo la kuonyesha kwamba mtu ni mwema. Ingekuwepo alama hiyo ningeichora mimi mwenyewe, kwa wino.

Mchoro wa Maxine ndio ulio bora. Nilimwahidi meneja.

Nduguyo mkubwa,
Gibson

*

Kituo Na. 17,
14 Aprili 1998

Kwa ndugu yangu Mwalimu,

Salamu zako zimefika. Mama ni mzima, watoto wana kikohozi cha mvua, ng'ombe wa madoa amezaa. Leo sina maneno mengi ya kuchekesha.

Ni kweli. Ni zote.

Mvua ilipoanza mwezi wa Oktoba, akina mama walikuwa wanatia karatasi kifuani au ndani ya kilemba. Wakifika nyumbani imekuwa uji. Mwisho wa mwezi wanakuja kwangu wanalia: Kipkemoi, kilo zangu ngapi? Mama Joan ndiye aliyeanza. Alisema, "Wewe una paa la mabati, niwekee." Kesho yake wakawa sita. Nikapiga msumari mmoja kwa kila mkulima na kuandika namba chini yake. Sasa kila mwisho wa mwezi tunakaa hapa, nawasomea mmoja mmoja, wanajumlisha kwa vidole na punje za mahindi, na hakuna anayelia. Mama yetu ana msumari namba arobaini na moja. Ndugu, wewe unaona karani anayeshika nakala tatu. Wao wanaona ukuta usiovuja.

Lakini ninajua meneja ataona nini. Tangu Januari kilo zinazotoka hapa kwenye vitabu ni nyingi kuliko kilo zinazofika kiwandani. Majani yakikaa kwa saa nne yanapungua uzito, na lori nalo lina safari zake. Msimamizi wa majani, Bwana Makori, anatafuta pa kuiweka hasara hiyo. Si mtu mbaya. Ana kazi, na kazi yake inataka jina. Ukimpelekea mchoro wa yule msichana, jina litakuwa langu kabla mahindi hayajapaliliwa.

Nakuomba umpelekee mmoja wa ile kumi na tatu. Wa Robert una kinyumba, meneja atafurahi.

Sijawahi kukuomba kitu tangu mwaka wa sitini na tano, ulipokwenda chuo cha ualimu wewe nami nikabaki na kikapu. Wala wakati ule sikuombwa.

Mdogo wako,
Kipkemoi

*

Kericho,
24 Aprili 1998

Mpendwa Kipkemoi,

Wape pole watoto kwa kikohozi. Wachemshie maji ya kunywa, hata kama Mama atasema maji yaliyochemshwa hayana ladha.

Nimempelekea meneja mchoro wa Robert. Chini yake nimeandika "Umekaguliwa" na kutia sahihi. Wa Maxine umo katika droo ya meza yangu, chini ya kamusi.

Darasani nilimtaja Robert kuwa wa kwanza. Maxine alikunja daftari lake akaangalia dirishani. Miaka thelathini na moja nimefundisha, na sikumbuki kunyamaziwa namna ile.

Sasa nakutaka jambo moja. Warudishie akina mama karatasi zao. Wanunue mifuko ya nailoni, wazishone ndani ya nguo, wafanye wanavyojua. Ng'oa misumari. Ukifanya hivyo mwezi huu, mchoro niliousaini utakuwa wa kweli, japo kwa kuchelewa. Usipofanya, nimesaini uongo.

Usingoje mvua ipungue.

Nduguyo mkubwa,
Gibson

*

Kituo Na. 17,
11 Mei 1998

Kwa ndugu yangu mkubwa,

Natumaini macho yamepata nafuu. Sisi huku kikohozi kimehama kwa watoto kimekuja kwangu.

Nimejaribu. Jumatatu niling'oa misumari kumi ya kwanza, nikanunua mifuko ya nailoni kwa fedha zangu, na kila mama alipofika nikampa karatasi zake zote tangu Oktoba. Ungeona nyuso zao. Kumrudishia mtu kitu alichokukabidhi, bila yeye kukidai! Mama Joan aliuweka mfuko juu ya mizani kana kwamba ni majani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Umesikia nini juu yangu, Kipkemoi?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Basi nimekukosea wapi? Au ni yule mwalimu wa Kericho amekuja na watoto wake wa tai kukufundisha kutufukuza?"

Wengine wakaanza kucheka, halafu hawakucheka tena. Watatu walichukua, na hao watatu hawanisalimu. Jioni Mama yetu alinipikia kisha akakaa akinitazama nikila. Akasema namba arobaini na moja isiguswe. Akasema tangu lini mtoto anamrudishia mzazi mzigo.

Nimepiga misumari upya. Mvua ikiisha kabisa nitajaribu tena, polepole, mmoja mmoja. Nivumilie.

Mdogo wako,
Kipkemoi

*

Nyumbani, Bomet,
4 Juni 1998

Kwa Mwalimu,

Tu wazima wa mwili. Anwani unaiona. Siandiki kutoka kituoni.

Ijumaa Bwana Makori alikuja na karani mwingine wa kiwanda. Hawakuanza kwangu. Walianza nyumbani kwa wakulima, nyumba kumi na moja, wakiomba karatasi nyeupe ili wazilinganishe na zile za waridi. Katika nyumba zote hizo hawakupata hata moja. Unajua mtu akiulizwa kitu ghafla na mwenye koti. Hakuna aliyesema, "Nilimpa Kipkemoi aniwekee." Walisema, "Sinayo." Mama Joan alisema hajui kusoma na akafunga mlango.

Ndipo walipofika kituoni. Makori alikuwa na mchoro mkononi, ndani ya plastiki. Nilikitambua kile kinyumba. Niliitambua na sahihi yako.

Akasema, "Karani, hapa imeandikwa karatasi nyeupe zinakaa kwa wakulima. Imekaguliwa. Nimetoka kwa wakulima. Zinakaa wapi?"

Nikamwonyesha ukuta. Ningefanya nini? Alihesabu misumari yote, midomo yake ikitembea. Kisha akauliza ni nani aliyeniamuru kuzichukua. Nikasema wenyewe walinipa. Akauinua ule mchoro akasema, "Na mwalimu alipokuja na wanafunzi kumi na wanne, ulizificha wapi?"

Nikisema hazikufichwa, nimekuita mwongo. Nikinyamaza, nimejiita mwizi. Nikanyamaza.

Nimesimamishwa. Vitabu vyote, na karatasi zote na namba zake, vimetiwa ndani ya gunia la majani likafungwa kwa lakiri. Vijana wa soko wamenipa jina, wananiita Msumari. Hilo si kitu. Lakini Jumapili kanisani watu walisogea kwenye benchi ili nipate nafasi, na nafasi ilikuwa kubwa mno.

Sikulaumu. Niliomba mimi. Nakuandikia ili ujue mchoro ulikofika.

Kipkemoi

*

Kericho,
20 Juni 1998

Mpendwa Kipkemoi,

Barua yako ilinikuta Jumatano ya wiki iliyopita. Umeacha kuandika "mdogo wako" nami nimeliona. Natumaini Winny ana nguvu, na Mama hajaambiwa zaidi ya anavyoweza kubeba.

Haya ndiyo niliyoyafanya, kwa mpangilio.

Alhamisi niliingia darasani nikautoa mchoro wa Maxine katika droo. Nikauchora upya ubaoni, upande usiovuja, pamoja na pembetatu yake na misumari yake. Nikawaambia kwamba huu ndio uliokuwa sahihi, kwamba nilijua, na kwamba nilisaini mwingine kwa sababu karani yule tumenyonya ziwa moja. Hakuna aliyeandika. Robert ndiye aliyesimama. Akasema, "Mwalimu, hata mimi niliiona ile misumari. Nilidhani si sehemu ya mtihani." Wengine watano wakainua mikono: nao waliiona. Kipkemoi, nimewafundisha watu kuona kitu na kutokichora.

Ijumaa nilikwenda kiwandani pamoja na Maxine. Baba yake aliruhusu, ila alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Nilimpa meneja mchoro. Tarehe ya Machi ipo juu, na alama thelathini kwa wino mwekundu bado ipo, sikuifuta.

Meneja aliusoma kwa muda. "Kwa nini hukuniletea huu?"

"Karani ni ndugu yangu."

"Sikuuliza ni nani. Nilikuomba ulio bora."

Makori akamgeukia Maxine, akamuuliza kama aliona karatasi zikifichwa. Akajibu: "Hapana. Nilimwona akizitundika, na wenyewe wakimtazama. Kama ni kuficha, amezificha mahali ambapo watu mia moja na kumi na wawili hupita kila siku."

Makori alicheka kidogo, kisha akakata lakiri ya lile gunia. Alilinganisha nyeupe na waridi siku tatu nzima. Nimepigiwa simu ofisini leo. Zinakubaliana zote, isipokuwa nne zilizolowa na hazisomeki. Hukuongeza kilo wala kupunguza. Hasara ya kilo sasa wanaitafuta njiani, na wamemwomba Maxine apande lori alichore nalo.

Sasa neno gumu. Jina lako limesafishwa, lakini kazi yako hawakurudishii. Meneja amesema hivi, nami nanukuu: hawezi kumrudisha penye mizani mtu aliyewahi kushika nakala zote tatu, hata kama ni malaika. Atawaweka wawili, mmoja wa kupima na mmoja wa kuandika. Nilitaka kubishana. Nikakumbuka kwamba hayo ndiyo ninayoyafundisha, neno kwa neno.

Ningalimpa mchoro huu mwezi wa Aprili, nadhani angalikuita, angalikukaripia, na angalikwambia ung'oe misumari. Ungalikasirika nami mpaka mavuno. Leo ungalikuwa kazini.

Niandikie.

Nduguyo mkubwa,
Gibson

*

Kericho,
14 Julai 1998

Mpendwa Kipkemoi,

Sijapata jibu. Nauliza hali ya Mama, ya Winny, ya watoto, ya ng'ombe wa madoa na ndama wake. Nauliza hali yako.

Mvua imekatika hapa. Fundi ameziba paa la darasa, na sasa naweza kusimama popote ila nimezoea upande ule. Wanafunzi wamemaliza mtihani. Maxine alichora mpaka muda ukaisha.

Sina ombi safari hii. Hata mstari mmoja utanitosha.

Nduguyo mkubwa,
Gibson

*

Nyumbani, Bomet,
27 Julai 1998

Kwa ndugu yangu mkubwa,

Mama ni mzima, Winny ni mzima, ndama ameanza kula majani ya uzio. Mimi nilikuwa sina maneno, na sikutaka kukutumia karatasi tupu, maana ungeikagua.

Nachuma chai. Mgongo ulikuwa umesahau, sasa umekumbuka. Asubuhi natangulia kwenye safu za Mama, halafu zetu, na mchana napeleka kikapu kituoni nasimama kwenye foleni. Wamekuja wawili, Bochaberi anapima na Nyamweya anaandika. Hawazungumzi, nadhani wamekatazwa. Ukuta wamepaka chokaa, lakini matundu ya misumari yanaonekana bado. Siku ya kwanza Bochaberi alisoma kilo zangu kwa sauti, mimi nikajibu "naandika" bila kufikiri. Akina mama walicheka mpaka Mama Joan akakaa chini. Ndipo nilipojua kwamba wamenirudia.

Sasa kila mmoja anapewa karatasi yake mkononi. Jumapili baada ya ibada wananingoja nje nizisome. Nazisoma na kuzirudisha hapohapo, kabla hata sijamaliza kutamka. Mtu akisema, "Baki nayo kidogo nimfunge mtoto," nainua mikono kama ninayetishwa kwa bunduki.

Ulisema ungalifanya hivi ningalikuwa hivi. Nimelifikiria hilo nikiwa shambani. Nilikuomba ufiche mchoro mmoja, ukauficha. Mwaka wa sitini na tano hukuomba, mimi nikabaki. Labda kila mmoja wetu alifanya alichodhani ni wema, na hakuna aliyemuuliza mwenzake vizuri. Nimechoka kulifikiria. Tuliache.

Lakini Mama hajaliacha. Amekataa kabisa kukaa na karatasi zake. Anasema panya, anasema moshi, anasema haoni. Nilimwambia mimi sigusi. Siku ya tatu akasema, "Basi mpelekee yule aliyetaka sana kujua zinakaa wapi."

Zimo ndani ya bahasha hii. Namba arobaini na moja, karatasi nyeupe tisa, tangu tarehe ishirini na tano Juni. Nyingine zitafuata kila mwezi. Anasema upige msumari mahali pasipovuja.

Ukizipokea, niandikie kwamba umezipokea. Taja idadi, utie sahihi. Siku hizi mimi si mtu wa kuamini.

Mdogo wako,
Kipkemoi

*

Kericho,
3 Agosti 1998

Mpendwa Kipkemoi,

Nimepokea karatasi nyeupe, mkulima namba 41, idadi tisa. Nimezihesabu mara mbili. Kisha amezihesabu Maxine Ajwang, aliyekuja chuoni kuchukua barua ya kazi, na sahihi yake iko chini ya yangu. Jumla ni kilo mia moja na thelathini na sita. Hakuna iliyolowa.

Nimepiga msumari ukutani kwangu, juu ya meza ninayoandikia, na nimeketi kwa namna ambayo siupi mgongo. Mwambie Mama.

Ila mpokeaji, mtunzaji na mwandishi wa barua hii ni mtu mmoja, na mtu huyo ana kosa la mwaka huu. Usiniamini. Njoo uzihesabu.

Nduguyo mkubwa,
Gibson

Nimeshuhudia: M. Ajwang